Ncha za Mtande wa Dada

4 Februari

Kwa mpwa wangu Sindano,

Salamu nyingi zikufikie huko chuoni kabla hata hujaifungua bahasha. Mimi mjomba wako ni mzima, mzima kiasi kwamba daktari akiniona anajiuliza atakula nini. Mama yako naye anaendelea. Ulimi bado haujafunguka na mkono wa kulia bado umelala, lakini wa kushoto anashika kikombe mwenyewe, na jana alinirushia kijiko. Nguvu hizo! Wewe je, unakula? Hao walimu wako wa ufumaji wanakuacha ulale?

Ama sababu ya kuandika ni hii: nimefungua darasa. Usishtuke. Wiki tatu nimekaa hapa kwenu namtazama dada, dada ananitazama mimi, na katikati yetu kile kitanda chake cha mfumi, cha kufumia nguo, kimejaa nyuzi na hakuna anayekigusa. Nikajiuliza, mwanamume mwenye ujuzi kama wangu anakaaje bure? Nikabandika karatasi mlangoni: Hapa tunafundisha kusokota na kufuma kwa mikono kila Jumamosi. Mwalimu: Fundi Mkuu.

Wamekuja watu kumi na wawili! Kuna nesi wa zahanati, mama mpole mwenye macho ya kuuliza. Kuna dereva mstaafu anayeshika uzi kama usukani. Kuna mawifi wawili wasiosemezana. Kila mmoja amekuja ili mwenzake asije akajua peke yake. Nimeanza nao na kusokota pamba kwa pia, kile kijiti cha kuzungusha. Nikawasimulia enzi zangu kiwandani, nilivyofuma blanketi zito hadi kaa la moto lilipoliangukia lilichukua siku mbili kutokeza upande wa pili. Dereva alicheka mpaka akapaliwa. Mama yako hakucheka, ila yeye kisa hicho anakijua.

Ni mimi,
Mjomba

20 Februari

Shikamoo mjomba,

Natumaini barua hii itawakuta salama wewe na mama. Mimi sijambo, ni vidole tu vimechubuka. Nimefurahi kusikia mama anarusha vijiko.

Darasa si baya. Akizungukwa na watu atachangamka. Ila mjomba, kwa heshima zote, kiwandani ulikuwa mlinzi wa geti. Mama aliniambia. Sisemi kukudharau, nasema kwa sababu ya jambo moja.

Kitanda cha mama kisiguswe. Wanafunzi watumie zile fremu za mbao nilizoacha uvunguni. Ule mtande, zile nyuzi za urefu zilizokwisha kutandwa, una nyuzi mia nne na kumi na sita, na kila uzi umepita kwenye kitanzi chake kwa mpango alioutunga mama miaka kumi na miwili iliyopita. Ndiyo Mvua ya Mawe yake, ile nguo ya buluu yenye chembe nyeupe ambazo huwezi kusema zinaanzia wapi. Mpango huo hakuuandika popote. Kila nguo ilipokwisha, aliikata akaziacha ncha za zamani humohumo kwenye vitanzi, kisha akaunga uzi mpya kwenye ncha ya zamani, fundo kwa fundo, akavuta. Mpango haukutoka kitandani hata siku moja.

Sasa mama hawezi kusema wala kuonyesha, na nguo alizouza zimekwenda na watu tusiowajua. Mpango umebaki hapo kitandani tu. Mwezi wa sita nikija likizo nitakaa naye nihesabu uzi mmoja mmoja, niandike. Ndiyo kazi yangu ya kumalizia chuo, lakini hilo ni dogo. Mama anajua kwamba nitauandika. Nilimwahidi, akanibana kidole.

Hata ikilazimu nguo itoke, ncha zisitoke. Na kama hujui kuunga, waambie hujui. Hakuna atakayekucheka.

Mpwa wako,
Sindano

9 Machi

Kwa mpwa wangu Sindano, msomi wetu,

Pokea salamu motomoto. Huku wote wazima, ukiondoa mimi niliyeumia moyo. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa macho, ya pili kwa ini.

Mlinzi wa geti! Sawa, nililinda geti. Lakini mlinzi ana jicho la kutazama nje na jicho la kutazama ndani, na mimi miaka sita nilitazama ndani. Mashine zilikuwa zikigoma, meneja mwenyewe anakuja getini: "Bwana mkubwa, hebu njoo usikilize." Nasikiliza. Naipiga teke moja. Inaimba! Kuunga nyuzi ndiyo unifundishe? Mimi nilikuwa naunga taa zimezimwa, mikono nyuma, huku nikimkagua mtu mfuko.

Lakini usihofu. Kitanda hakitaguswa. Neno la mjomba halina kiraka.

Darasa limechangamka. Mawifi wameanza kusemezana. Mmoja kaiangalia kazi ya mwenzake akasema, "Wifi, uzi huo si ungefungia mbuzi?" Mwenzake hakuinua hata kichwa: "Afadhali wangu unafunga mbuzi. Wako haufungi hata mdomo wako." Mama yako alitabasamu, nakuapia, upande wa kushoto.

Ni mimi,
Mjomba

15 Aprili

Shikamoo mjomba,

Hamjambo huko? Wiki tano sijapata hata mstari. Si kawaida yako kukosa la kusema. Mama yukoje? Kitanda kikoje? Niambie hata neno moja.

Mpwa wako,
Sindano

2 Mei

Kwa mpwa wangu kipenzi,

Salamu tele. Sisi huku tu wazima na tuna sherehe! Kimya changu kilikuwa cha mtu mwenye shughuli, si cha mtu mwenye jambo.

Ilianza hivi. Dereva alisimama mbele ya watu akasema, "Fundi Mkuu, miezi mitatu tumekusikia. Bado kukuona." Wakacheka, na nesi naye. Sasa mwalimu akichekwa na darasa lake anabaki na nini? Nikawaambia, Jumamosi ijayo mtaona nguo inavyozaliwa.

Mpwa wangu, ungekuwepo! Nyumba ilijaa, viti tuliazima kwa jirani. Nikamsogeza mama yako mbele kabisa na kiti chake, aone. Nikavua koti, nikanoa mkasi. Nesi, na macho yake yale, akauliza, "Mwalimu, hizo ncha si huwa zinaachwa ili ziungwe? Kuuliza si ujinga." Nikamwambia, mama, hiyo njia ni ya zamani, siku hizi tunaanza upya. Nikakata. Kwacha, kwacha, kwacha! Nguo ikaanguka mikononi mwangu. Kwenye vitanzi kulikuwa kumebaki vijiuzi vichakavu, vimening'inia kama ndevu za beberu. Nikavichomoa vyote, nikavichoma jikoni, nikakifuta kitanda kwa mafuta. Sasa kinang'aa, tayari kwa mtande mpya.

Darasa lilipiga makofi. Na mama yako, sikia hili, mama yako alipiga ukingo wa kiti kwa mkono wa kushoto, pa, pa, pa, pa, bila kupumzika. Nikawaambia watu, mnaona? Dada yangu anashangilia.

Kisha ile nguo nikaikata vipande kumi na viwili sawasawa, nikampa kila mwanafunzi chake kiwe cheti. Chuo chako kinatoa vyeti vya karatasi. Sisi tunatoa vya kufuma.

Ni mimi,
Mjomba, Fundi Mkuu

11 Mei

Shikamoo mjomba,

Mama hakuwa anashangilia.

Nakuja Jumatano kumchukua. Vitu vyake viwe kwenye begi la kahawia. Usitupe kitu chochote tena, hata vumbi la chini ya kitanda usilifagie.

Mpwa wako

6 Juni

Kwa mpwa wangu Sindano,

Salamu kwako na kwa dada. Natumaini mlifika salama na safari haikumchosha. Mimi ni mzima.

Ulipokuja hukunifokea. Ningependa ungenifokea. Ulimvika mama viatu, ukaenda kwenye kitanda ukapitisha kidole kwenye vitanzi, kitanzi baada ya kitanzi, mpaka mwisho. Nilisimama mlangoni na begi la kahawia, nikakosa hata kisa kimoja cha kusimulia. Mimi!

Mlipoondoka nilianza kuvitafuta vipande. Ulisema palepale mlangoni, kama mtu anayesema na ukuta, kwamba labda nguo ikiwa nzima mpango unaweza kusomwa kwa kioo cha kukuzia. Basi nimezunguka nyumba kumi na mbili kwa miguu. Dereva alikuwa amekitundika cheti chake ukutani kwenye fremu yenye kioo. Alikataa, nikapiga magoti, akakitoa. Wifi mkubwa alikuwa amekitia kiraka kwenye suruali ya mumewe, tukakifumua mume akiwa amekaa na taulo. Wifi mdogo alikuwa anakitumia kushikia sufuria. Kimeungua upande mmoja, nimekichukua hivyohivyo. Vitatu sikuvipata. Kimoja kilipelekwa ng'ambo na binti wa mwanafunzi, kimoja kilipeperuka kwenye kamba ya nguo, na cha tatu mwenye nacho alikitandika ndani ya sanduku alilozikiwa mama yake. Hicho sikukiulizia mara ya pili.

Nesi alikuwa amekipiga pasi chake na kukifunga kwenye karatasi, kama aliyejua nakuja. Akaniambia, "Mwalimu, mimi najua kuunga. Bibi yangu alinifundisha. Ungeniuliza tu."

Sasa nikwambie ambalo sikumwambia mtu. Barua yako sikuisahau. Nilikuwa nayo mfuko wa shati. Mkasi ukiwa mkononi nikaikumbuka, neno kwa neno, zisitoke, na kama hujui waambie hujui. Nikayatazama yale macho kumi na mawili, kumbe ni ishirini na manne. Nikaona kukata ni rahisi kuliko kusema.

Na dada alivyokuwa anapiga kile kiti, nilijua.

Natuma vipande tisa. Nimeviandika namba kwa chaki, kama ninavyokumbuka vilivyofuatana.

Mjomba

3 Julai

Mjomba,

Vipande vimefika. Namba zako hazikuwa sahihi. Mama alizifuta kwa kidole na kuvipanga upya mezani kwa mkono wa kushoto. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipomaliza kulikuwa na mapengo matatu, yote katikati. Mwalimu wangu alikaa na kioo siku mbili. Anasema pembeni panasomeka, katikati hapawezi kukisiwa, kwa sababu chembe hazijirudii mahali pamoja. Ndiyo maana mama aliiita mvua.

Nilipomweleza mama, aliweka kiganja juu ya pengo la kwanza, kisha la pili, kisha la tatu. Halafu akaanza kuipiga meza. Pa, pa, pa, pa. Nilimshika mkono mpaka akachoka.

Alipoanguka na kuugua, ulisema utakaa naye wiki mbili. Ungekaa hizo mbili ukaondoka, ningekushukuru mpaka leo.

Kazi ya chuo nimechagua nyingine. Usitume kitu.

Binti wa dada yako

19 Novemba

Kwa mpwa wangu Sindano,

Salamu. Hii ni barua ya nne tangu ile yako ambayo haikuwa na shikamoo, na tatu hazikujibiwa. Nadhani posta. Posta ya siku hizi naijua. Nilishawahi kutuma barua ikarudi ikiwa imezeeka kuliko mimi.

Nafuta hapo. Si posta.

Dada hajambo? Anashika kikombe bado?

Darasa limekufa. Alianza kuacha dereva, wakafuata wengine, mawifi wakaondoka pamoja wameshikana mikono wakinisema mimi. Angalau hapo nimepatanisha watu. Karatasi ya mlangoni mvua imeifuta, limebaki neno Mkuu peke yake. Watu wakiniuliza habari zako nawaambia unaniandikia kila wiki. Nimeshasema, na sasa inabidi kila wiki nitunge ulichoniandikia.

Nesi ndiye anayekuja bado. Jumamosi jioni akitoka zamu anakaa nami robo saa ananifundisha kuunga. Hacheki. Unakunja uzi wa zamani, unapitisha mpya chini yake, unazungusha, unabana kwa kucha, unavuta. Vidole vyangu ni vinene, vilizoea kufuli. Mwezi mzima fundo lilikuwa linafumuka.

Wiki iliyopita nilikuwa nafagia. Najua ulikataza, lakini ulikataza mwezi wa tano. Kwenye ufa wa mguu wa kitanda, chini, nyuma ya kikanyagio, nikauona uzi wa buluu, urefu wa shubiri moja, umenasa. Ni ncha ya dada. Ule moto wa jikoni ulikula zote, hii ilijificha. Ilikuwa kwenye kitanzi kipi, Mungu ndiye anayejua, na dada.

Nimeipitisha kwenye kitanzi kimoja katikati, kwa kubahatisha. Nimeunga uzi mpya kwenye ncha hiyo, peke yangu, nesi akiwa hayupo. Nimeuvuta mara saba. Haukufumuka. Hili silitii chumvi, njoo uuvute mwenyewe.

Zimebaki mia nne na kumi na tano.

Mjomba