Nyumba ya Kamba

Jumatatu, 5 Juni

Nyumba yetu imesimama! Yaani, imelala. Ni kamba nyeupe juu ya vigingi, kimo cha kifundo cha mguu, na mchanga wa ndani ni ule ule wa nje. Lakini Mzee, mume wangu, kaizunguka mikono mgongoni kama mwenye jumba la kifalme. Miaka thelathini na mbili amewapimia watu ardhi. Leo kapima yake.

Sharti lake: tuikae mwezi mzima kabla fundi hajaweka tofali hata moja. Tunywe chai "jikoni", tujinyooshe mchana "chumbani", tujue upepo unaingilia wapi na jua linakera wapi. Na kupita ni milangoni tu. Ukikatiza ukuta, faini yako ni kuosha vyombo. Nimemwambia watu wazima sisi hatuna haya. Kanijibu kwamba mimi mwenyewe, fundi cherehani, sijawahi kukata kitambaa bila kumpima mtu mara mbili. Hapo kanibwaga.

Kulala kwenyewe tunalala kwenye banda la mabati, na mifuko ya saruji. Daftari hili nalificha chini ya cherehani. Mzee ana ugonjwa wa kusoma kila kilichoandikwa, hata karatasi ya kufungia sabuni.

Jumatano, 7 Juni

Tumepata mgeni. Kobe! Kaingia kwa ukuta wa jiko bila hodi, kapita sebuleni, kasimama chumbani akatazama huku na huku, katoka. Mzee kampa jina Mkaguzi. Eti ametumwa kuangalia kama tunafuata ramani.

Na saa mbili asubuhi, firigogo. Ni ndege wa umbo la njiwa, rangi ya mchanga, huwaoni mpaka waruke. Wanakuja kwa makundi kwenye kihodhi tulichowachimbia. Madume wanakaa majini, wanalowesha manyoya ya tumbo mpaka yawe chapachapa, kisha wanaruka na maji hayo kuwapelekea watoto wao. Kubeba maji kwa tumbo! Nimekaa na kikombe mkononi mpaka chai ikapoa.

Mzee alikuwa amefumba macho. Kasema wamefika kama arobaini. Nimehesabu: arobaini na watatu. Nimemwambia ameanza kupiga ramli.

Jumapili, 11 Juni

Binti yetu kapiga simu. Wimbo ule ule: jangwani, mbali na hospitali, mna umri gani nyie. Baba akikwaruzika hata kidole, anakuja na gari kutuchukua, na safari hii hatasikiliza mtu. Hatanii. Huyu kachukua ukali kwangu.

Mzee kaichukua simu, sauti tamu kama mwenye duka. Kamwambia yuko hapa anatazama swala sita kilimani, wazuri ajabu. Nikageuka kutazama. Swala walikuwepo kweli. Wanne, na walikuwa upande wa pili kabisa.

Anamtilia mwanawe chumvi, basi.

Alhamisi, 15 Juni

Leo kavunja sheria yake mwenyewe! Katoka sebuleni na kikombe, kapita katikati ya ukuta wa jiko, kamba ikamkamata mguu, kigingi kikang'oka, chai yote mchangani. Nimecheka mpaka mbavu zikaniuma. Kasema mbweha ndiye kalegeza kamba. Kweli kuna mbweha mmoja mdogo, masikio makubwa kuliko uso, anatutafunia kamba kila jioni. Lakini ile ilikuwa imekaza.

Kaosha vyombo. Sikumwonea huruma. Baadaye nikakuta majani ya chai yamebaki kwenye vikombe viwili na sahani moja ina masalia ya maharage pande zote. Mtu huyu ndiye aliyekuwa ananirudishia sufuria nioshe upya kwa doa moja.

Nimeosha tena. Kimya kimya.

Ijumaa, 16 Juni

Asubuhi alipita kwenda kwenye pipa la maji. Kasimama njiani, kainama kidogo, kwa heshima zote: "Habari za kazi, Mkaguzi?"

Lilikuwa jiwe.

Mkaguzi alikuwa nyuma yangu anakula majani. Nilishafungua kinywa nicheke. Kicheko hakikuja.

Haoni. Niliandike mara moja nimalize. Mume wangu haoni vizuri, na anajua, na hajaniambia.

Jumanne, 27 Juni

Siku kumi na moja nimekuwa mpelelezi. Asubuhi na jioni anakwenda nyuma ya pipa la maji, anakaa kidogo, anarudi akipepesa macho. Leo alipojilaza nikaenda kuangalia. Ndani ya kopo la misumari: kichupa cha dawa ya macho na kadi ya kliniki, imekunjwa mara nne.

Presha ya macho. Mara ya kwanza alikwenda Novemba. Novemba! Mwezi ule alisema anakwenda kukata nywele na akarudi na nywele zake zote. Alijua kabla hatujafunga hata boksi moja.

Nilikasirika. Miaka thelathini na tano tunakula sahani moja, halafu mimi ni wa kufichwa mambo kwenye misumari? Nilikwenda bandani kumwamsha nimwambie lake. Kalala kajifunika kofia usoni, kiganja kimoja kiko mahali pangu kinapapasa, kinanitafuta.

Nikarudisha kopo.

Najua anachoogopa. Nikijua mimi, nitamwambia binti. Binti akijua, keshokutwa gari liko hapa, na nyumba hii itaishia kuwa kamba. Ameisubiri tangu alipopita huku na vyombo vyake vya kupimia, kijana, akaniandikia barua kwamba amepata mahali penye ndege wanaobeba maji.

Jumamosi, 8 Julai

Fundi ameanza msingi. Mrefu, mpole, ana sauti ya mtu anayeamsha mtoto. Mzee alipokwenda kuwatazama swala (kuwasikiliza, niseme), nilimvuta pembeni nikamweleza yote. Nilihitaji mtu. Nikaishia kulia mbele ya mchanganyiko wa zege.

Kumbe mama yake alikuwa na presha hiyo hiyo ya macho. Kasema kilichokwenda hakirudi, ila dawa ikifuatwa inashikilia kilichobaki. Na mama yake alikaa nyumbani kwake mpaka mwisho, anapika, anafukuza kuku. "Alikuwa anaijua nyumba kwa mikono na nyayo, mama. Tatizo huwa ni nyumba za watu wengine."

Basi tumepanga. Mstari wa vijiwe laini ukutani, kimo cha mkono, kutoka chumbani hadi jikoni. Sakafu tofauti kila chumba: sebuleni laini, jikoni kokoto ndogo, barazani vigae. Pembe zote zikatwe ziwe mviringo.

Jioni nimempima Mzee suruali. Hana haja ya suruali. Kutoka kiganja hadi chini: sentimita sabini na sita. Kauliza tangu lini suruali inapimwa kuanzia kiganjani. Nimemwambia ni mtindo mpya.

Jumatano, 19 Julai

Tumegombana kuhusu dirisha. Dirisha la sebule linaloelekea kihodhini ndilo roho ya ramani yake: kioo kimoja kikubwa, ukuta mzima. Nimesema hapana. Nataka mbao za kufunguka zote, upepo uingie. Kasema mchanga. Nikasema ndege watajigonga kwenye kioo wafe, anataka kuua firigogo?

Sababu ya kweli ni kwamba kioo kinazuia sauti.

Nilijiandaa kwa vita vya wiki nzima. Kumbe kapangusa uso kwa kofia, kasema sawa, mbao. Kakubali upesi mno. Hajawahi kukubali jambo langu upesi tangu tuoane. Nimekaa na ushindi wangu kama mtu aliyepewa chenji iliyozidi.

Jumapili, 6 Agosti

Nimerudi kutoka sokoni na fundi. Nakuta Mzee kajipa kazi yake mwenyewe: nguzo za mti kumi na nne, mstari mnyoofu kutoka mlango wa nyuma hadi kihodhini, na kamba nene imekazwa kimo cha kiuno.

Nikauliza, hii nini?

"Ya kuanikia nguo."

Hatua mia moja na ishirini! Sisi ni watu wawili. Tungeanika nguo za kikosi kizima na nafasi ikabaki. Nikamtazama. Kaelekeza uso wake kwangu, na sijui kama alikuwa ananiona au la, lakini shingo ilikuwa ngumu kama ya mtoto aliyeficha kitu mgongoni.

Nikasema ni wazo zuri sana, huko mwisho kuna upepo.

Nimefua. Nimeanika shuka moja, mashati mawili, na soksi, nikizitawanya mpaka kihodhini ili kamba isionekane ya kijinga. Swala wamekaa mbali wakinishangaa. Nampenda mtu huyu mpaka nasikia hasira.

Jumatatu, 14 Agosti

Mbweha kaiba soksi. Ya kushoto. Jioni nimemwona juu ya kichuguu chake, watoto watatu wanaivuta huku na huku. Nimemsimulia Mzee kila kitu: masikio, mikia, nani kashinda. Kasikiliza hadi mwisho, kisha kaomba nirudie pale mdogo alipoangukia mgongo. Nikarudia.

Fundi naye kaniambia leo kwamba amechoka. Nikadhani ni jua. Kumbe Mzee amemwapisha asiniambie kazi ya kweli ya ile kamba, mimi nimemwapisha asimwambie kuhusu vijiwe. "Mama, nyumba hii nimebeba siri nyingi kuliko saruji." Nikamwambia avumilie, tunakaribia kupaua. Sikuona aibu kama ilivyonipasa.

Jumanne, 29 Agosti

Bati limeshapigwa, lipu imekauka. Leo Mzee kaingia peke yake kukagua. Mimi nilikuwa nje, chini ya dirisha, nikichambua mbao ambazo hazikuwa na haja ya kuchambuliwa.

Nikasikia nyayo zake kwenye sakafu laini. Kisha kokoto. Zikasimama. Zikarudi kwenye laini. Zikaenda tena kwenye kokoto. Halafu kimya, na sauti ndogo, kama panya anapita: kiganja chake kwenye vijiwe.

Kaenda nacho mpaka mwisho. Karudi nacho.

Kamuuliza fundi hii ni nini ukutani. Fundi, masikini, kasema ni urembo, mzee, mama kataka urembo.

"Mke wangu kashona sare za shule maisha yake yote," kasema Mzee. "Hajawahi kutaka urembo."

Fundi kakohoa. Mzee hakuuliza zaidi. Jioni kala vizuri, kasifu chumvi, kaenda nyuma ya pipa na kurudi. Alipopita kwenye kiti changu aliweka mkono kichwani pangu, akauacha hapo muda mrefu kuliko kawaida.

Ijumaa, 8 Septemba

Tumehamia! Siku ya tatu leo. Fundi aliaga juzi. Kashikana mkono na Mzee, kashikana na mimi, kaondoka akitembea kama mtu aliyetua mzigo. Mkaguzi amepata shida: ukuta wa jiko sasa ni wa tofali. Kaugonga kwa kichwa, katafakari, kazunguka mpaka mlangoni. Kaingia. Sheria ni sheria.

Binti anakuja kesho kuona nyumba. Kesho! Nimepanga viti, nimetundika mapazia. Atatazama kila kitu kwa jicho lile lake. Ataona. Nitasema nini? Atasema nini yeye? Tangu asubuhi hatulizungumzi, mimi wala Mzee, tunapishana milangoni kwa adabu kama wapangaji.

Saa kumi na moja sasa. Dirisha liko wazi, mbao zote. Naandika mezani, mbele yake. Siku hizi daftari silifichi. Liko wazi kila siku na hajawahi kuchungulia. Hilo sikuwahi kuliandika kwa sababu linaniuma kuliko jiwe lile.

Katoka kwenda kihodhini, mkono juu ya kamba, chini ya shuka langu. Hakujifanya anagusa nguo kuona kama zimekauka. Kasimama kule, karudi. Kasema swala wako njiani, watano, mmoja anachechemea. Nimetazama. Watano. Wa mwisho anachechemea.

Kavuta kiti kakaa upande wa pili wa meza. Kauliza kama naandika. Nimesema ndiyo. Tangu lini? Tangu kamba.

Kapapasa meza, kalipata daftari, kaweka kidole ukingoni mwa ukurasa kama ilivyokuwa tabia yake zamani alipotaka kuchungulia.

"Nisomee," kasema.

Maisha yetu yote hajawahi kuniomba nimsomee, hata bei ya sukari.

Nikauliza nianzie wapi.

"Anzia siku niliyoosha vyombo. Ulicheka vizuri siku ile. Kesho yake ukaacha."

Kumbe anajua ninachojua, tangu siku ile ile. Ameweka mikono yote miwili juu ya meza, ananisubiri. Swala wamefika kihodhini, wanakunywa, nawasikia hata mimi. Hajageuza kichwa. Nimeshafunua Juni kwa mkono wa kushoto, wa kulia bado unaandika mstari huu, taratibu, ili nichelewe kidogo, na yeye anasema kalamu anaisikia