Kwa Mzee Gonga, na Buti Zisizokuwa Zake

Mwaka umetimia sasa, Baba, tangu utoke nyumbani alfajiri, ukagonga fremu ya mlango mara tatu, ukasema, "Hii bado nzima," ukaenda zako mgodini. Hukurudi. Saa nne asubuhi dari ya makaa ya mawe ilikuangukia kwenye safu ya sita ya nguzo, na wewe ndiye uliyekuwa fundi wa nguzo hizo.

Wenzako walikuita Mzee Gonga kwa sababu ulipita na chuma chako ukigonga dari na kusikiliza. Ikilia nzito, watu waliendelea na kazi. Ikilia kama debe tupu, ulichora alama ya chaki na tarehe kwenye nguzo, kisha ukaenda kutoa taarifa. Ugonjwa huo ulikuja nao nyumbani. Uligonga matikiti, uligonga meza mpya ya mjomba mpaka akanuna, na kijana alipokuja kuniposa ulimgonga bega, ukaniambia pembeni, "Huyu si mtupu." Hukukosea.

Ulikuwa mpole, lakini si mtu wa kunyamaza. Safu ya sita uliitolea taarifa mara tatu, na kila mara uliambiwa mkaguzi wa serikali ameshaipitisha. Mkaguzi huyo alikuja kila baada ya miezi mitatu. Wewe ndiye uliyemwoshea buti za mpira za kushukia chini, ukazitunza karibu na zako. Yeye alikunywa chai ofisini, akatia saini daftarini, akaondoka. Mama alikucheka: "Unamwoshea mtu viatu asivyovaa?"

"Siku atakayotaka kushuka," ulimjibu, "asipate kisingizio."

Ulipofariki, mtunza stoo alituletea vitu vyako: kofia, kopo la chai na buti. Mama alizigeuza, akatazama soli, akasema, "Hizi si za mume wangu. Hizi hazijakanyaga makaa hata siku moja." Katika haraka ya siku ile, mtunza stoo alikuwa amechukua jozi ya mkaguzi.

Wiki hiyohiyo ikaja ripoti. Iliandikwa kwamba marehemu aliingia eneo la hatari kwa uzembe wake. Baba, sentensi hiyo ilituchoma. Wiki tatu tu kabla ya ajali, daftari la mkaguzi lilisema eneo hilohilo ni salama. Hatukutaka kingine chochote, ila wakuondolee neno hilo.

Mama alikwenda ofisi ya ukaguzi, akaziweka buti juu ya meza ya karani.

"Mama, una malalamiko gani?"

"Sina malalamiko, mwanangu. Nimeleta viatu vya watu. Mwambie mwenyewe avivae."

Alikwenda mara saba, buti mkononi, mpaka walinzi wakaanza kumwita Mama Buti. Mwezi wa tisa wakaleta mkaguzi mwingine, mwanamke mmoja mfupi mwenye miguu midogo. Alisokomeza magazeti kwenye buti zilezile, akazivaa, akashuka na rafiki yako mpiga baruti. Nguzo za pembeni zilikuwa bado zimesimama. Wakaikuta chaki yako, tarehe zote tatu, kwa mwandiko wako uliolala upande.

Ripoti mpya inasema ulionya mara tatu na hukusikilizwa. Neno lile limefutwa, na safu ya sita imefungwa. Hayo hayakurudishi, tunajua, na hasira zetu hazijaisha.

Siku ile ya kushuka, Mama alimsubiri mkaguzi huyo getini. Mkaguzi alipanda juu, akamrudishia Mama buti kwa mikono miwili, akaomba radhi kwamba zimechafuka. Mama, ambaye sote tunavua viatu nje kwa kumwogopa, amezisimamisha ndani, karibu na mlango, na tope lake jeusi. Amekataza mtu kuzigusa kwa maji.

Unakumbukwa na mkeo, mimi bintiyo fundi cherehani, mume wangu yule asiye mtupu, mdogo wangu dereva, mjomba na meza yake, wajukuu wanne, na mpiga baruti, ambaye sasa ndiye anayegonga dari kwa chuma chako.

Tutakukumbuka daima, Baba, kila tutokapo mlangoni.