Nimempiga Picha Ndege Mmoja Mara Nne

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba msaada kabla sijaivunja ndoa yangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Kazi yangu ni kupiga picha ndege waliokaushwa katika makumbusho ya wanyama, na kazi yenyewe nilitafutiwa na baba mkwe, ambaye ndiye mtunza stoo, yeye hutoa ndege kwenye droo akaniwekea mezani, kila mmoja na kikaratasi cha namba mguuni, nami napiga, ndivyo tunavyoshinda. Sasa wiki hii nikaona ndege mwenye pengo dogo mdomoni, nikaliona pengo lile lile kwenye picha nyingine, na nyingine, yaani ndege mmoja kanijia mara nne kwa namba nne. Nilipouliza, mzee akasema, "Mwanangu, wewe piga picha, ndege niachie mimi." Tangu hapo nampeleleza. Stoo haniruhusu kuingia, anafagia mwenyewe ingawa mfagiaji yupo, na kila jioni anatoka na mfuko uliofungwa fundo, jana nikaufungua kwa siri nikakuta manyoya na vumbi kama pumba. Bila shaka anauza ndege. Anastaafu mwezi ujao, na mke wangu akisikia namwita baba yake mwizi, sijui nitalala wapi. Nimripoti au ninyamaze?

Mkwe Mwenye Mashaka

Marahaba, mwanangu. Pole, kushinda meza moja na mtu unayemshuku si raha. Ila upelelezi huo rudisha ulikoutoa. Mwizi angebeba ndege mzima, mzee wako anabeba makombo. Hiyo ni kazi ya wadudu. Niliwahi kufungua sanduku la shali za marehemu mama nikakuta pumba hizo hizo. Wamewatafuna ndege mikononi mwake, naye anaona aibu kustaafu na habari hiyo, ndiyo maana namba za walioliwa anamfunga mguuni huyo mmoja aliyesalia.

Simtetei. Anadanganya, na wewe unamsaidia, maana chini ya picha zile kuna jina lako, si lake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mkiendelea kufichiana, droo za jirani zinaliwa.

Usifute picha hata moja. Kesho, kabla hajafungua droo ya kwanza, muulize kwa adabu, "Baba, wadudu wamefika droo ya ngapi?" Akijibu, nenda naye kwa mkuu wa makumbusho asubuhi hiyo hiyo. Akikununia, nenda peke yako, kwa sababu wadudu hawasubiri mzee aagwe.

Na lile neno mwizi, limeze. Ukilitema mbele ya mkeo, mimi sitakuwa na ushauri wa kukupa.