Tumbo la Bathsheba

Jumanne, 5 Agosti
Mtu alitapika nyuma ya bafu asubuhi. Nilikuwa nachambua omena, dagaa wa ziwani, nikasikia wazi kabisa. Nilipofika nikamkuta Bathsheba, mke wa mwanangu Machuki, ameshika kopo la maji anasafisha ukuta. Eti harufu ya omena. Omena! Amekula omena miaka mitatu katika boma hili bila kulalamika.

Miaka mitatu ya ndoa, na miaka mitatu mimi nafunga na kuomba mjukuu. Nikarudi kwa omena zangu, nikihesabu miezi kwa vidole.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimemuuliza kama ana habari ya kuniambia. Akasema hana. Mbona hakunitazama? Nikampigia Machuki, yuko Kosele ananunua mahindi, hurudi mwisho wa mwezi tu. Naye hajui lolote. Mke anamficha mumewe jambo kama hilo – kwa nini?

Binti yangu Nyangi alirudi kutoka shule ya bweni wiki iliyopita na kazi yake ni kulala. Nikamwambia afungue vitabu, mtihani wa kidato cha nne ni Novemba. Anasema ana malaria. Bathsheba akanirukia, “Mama, muache apumzike.” Tangu lini huyu ananifundisha kulea?

Sabato, 9 Agosti
Somo la kanisani lilikuwa moto leo. Elda Oyaro, mzee wa kanisa letu, aliuliza mtoto anaanza kuwa mtu lini. Nyanya Robi akasema kwao zamani mtoto alihesabiwa akishapewa jina. Nikasimama! Kabla ya jina alikuwa nini, kiazi? Nikasema uhai ni wa Mungu tangu siku ya kwanza, na anayeutoa ni muuaji, awe nani. Akina mama wa kikundi chetu cha Dorkas wakaitikia amina.

Mosoti, yule nesi mstaafu, akasema taratibu kwamba amewapokea wasichana waliotoa mimba, wakaletwa hospitali wakiwa wamechelewa, kwa kuogopa watu kama sisi. Na uhai wao je, akauliza. Sikumpenda leo.

Bathsheba alitoka kabla ya wimbo wa mwisho. Nilimwona.

Jumatatu, 11 Agosti
Sheila, anayeuza nyanya sokoni hapa Masara, amenivuta kando. “Mama Machuki, unajua mimi si mtu wa maneno. Lakini huyo bibi ya kijana yako nimemwona na haya macho. Ameingia kemist, wakaongea polepole na muuza dawa, akatoka na kajuala ka dawa amekafinya hivi!”

Sheila huwa simwamini. Leo nimemwamini.

Jumatano, 13 Agosti
Shuka kwenye beseni, maji mekundu. Bathsheba akalisukuma kwa mguu chini ya meza. Nikamuuliza waziwazi: umefanya nini? “Ni siku zangu, Mama.” Siku zake! Nimezaa watano. Najua siku, na najua kisicho siku.

Nyangi bado kitandani. Homa imepanda. Bathsheba anampelekea uji na kufunga mlango. Anajifanya nesi, na mikono yake – sitaandika.

Jioni nilikwenda kwa Elda Oyaro, nikamwambia yote. Nililia mbele yake. Mjukuu wangu! Yeye na wazee wenzake watakuja Sabato baada ya ibada wamhoji, na Machuki ataitwa. Amesema nimefanya jambo gumu na la haki.

Ijumaa, 15 Agosti
Ni Nyangi.

Jana asubuhi alianguka akienda chooni. Nilipomwinua, gauni lote lilikuwa damu. Nikapiga kelele tu. Bathsheba ndiye aliyempigia Mosoti simu, Mosoti akaja na gari la jirani, tukamkimbiza hospitali Migori. Wamemsafisha kizazi, wamemwongeza damu. Daktari amesema tungengoja hadi jioni tungempoteza.

Nilimuuliza Nyangi kwa nini hakuniambia. Akageukia ukuta. “Nilikuogopa, Mama. Nilikuogopa kuliko kufa.” Nani alimpa mimba, hasemi. Sasa namshuku kila mwanamume aliyewahi kumsalimia, hata walimu wake.

Bathsheba amenieleza kwenye korido. Alimsihi Nyangi azae, ampe yeye mtoto amlee kama wake. Alimsihi siku nne. Nyangi akasema atakunywa dawa ya kuogeshea ng'ombe. Ndipo Bathsheba akaenda kemist kumnunulia vidonge. Huyu, anayelilia mtoto miaka mitatu!

Kwa hiyo mjukuu alikuwepo. Nimeandika mjukuu, nikafuta, nikaandika tena. Kama alikuwa mtu, basi binti yangu ni nani? Neno nililitamka mwenyewe, mbele ya watu. Na bado naamini nilichosema. Naamini, na nikimwangalia Nyangi kitandani siwezi kulirudia.

Sabato, 16 Agosti
Saa nane. Wamefika – Elda Oyaro, wazee wawili, na Millicent wa Dorkas. Machuki ametoka Kosele asubuhi, ameketi nao, hamtazami mkewe. Nyangi bado hospitali. Watu tumewaambia ni malaria.

Niko jikoni, nimesema naandaa chai. Nilipanga kumwambia Elda kwamba nilikosea. Lakini atauliza: Sheila aliona nini? Shuka zilikuwa za nani?

Bathsheba amekuja kuchukua vikombe. “Mama, waache waniulize mimi. Nyangi ana mtihani.” Nikamwambia Machuki atamfukuza. Akasema labda. Nikamwambia anaweza hata kushtakiwa. Akajifunga kitambaa kichwani, akasema, “Wewe nyamaza tu,” akabeba trei.

Wanaomba. Elda ana sauti nzuri ya kuomba.

Sasa anamuuliza kama ni kweli alitoa mimba ya mume wake.

Amesema ndiyo.

Kiti cha Machuki kimeanguka. Millicent anasema Yesu, Yesu. Mlango wa jikoni uko wazi, ni hatua nne tu hadi sebuleni, na mimi nimeketi hapa naandika