Jina Lisiloenea

Jumatano, Matogoro

Bado nina hasira, zaidi na mimi mwenyewe. Bibi Ng’ombo ametoka Lusewa kufuata mbolea, akaambiwa hayumo kwenye orodha ya programu ya kompyuta niliyoandika.

Kosa nililiona palepale. Kwenye orodha ya majina, niliyoiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, nilitenga nafasi ya kila jina kwa kuhesabu herufi, kumbe yenyewe huhesabu baiti, vipimo vya nafasi ndani ya kompyuta. Ritifaa iliyopinda ya Ng’ ni herufi moja, lakini ni baiti tatu. Jina halikuenea, programu ikaliruka.

“Bosi, kosa ni langu,” nilimwambia mkuu wangu aliyekuwa akigawa mbolea.

Yeye akamgeukia bibi. “Ukajiandikishe upya, bila hicho kialama.”

“Hilo ni jina la marehemu mume wangu,” bibi alijibu, akaondoka mikono mitupu.

Nilirekebisha mstari mmoja tu wa programu, jina lake likaenea. Basi la Lusewa lilikuwa limeshaondoka naye.