Vitabu Vimekwenda kwa Ulimboka

Darsait, Maskati
9 Machi 2004

Mdogo wangu Abdulrazak,

Huu ni mwaka wa arubaini tangu niondoke Unguja. Baridi imekwisha hapa na goti langu limepata nafuu.

Mjukuu wangu Wijdan, wa binti yangu Zuwena, amenisimulia kwa simu muhula wake huko Unguja, skulini kwako. Mbele ya darasa ulimwuliza baba yake nani.

"Sina, babu. Nna mama wawili, wanapendana."

"Basi kakae nje na kuku. Nao hawawajui baba zao."

Ana miaka saba. Alikaa nje siku tatu, mpaka Mwalimu Ulimboka, hasimu wako wa ng'ambo ya barabara, akamwita skulini kwake bila ya kumwuliza kitu.

Yale makasha ya vitabu niliyokuahidi nimeyapeleka kwa Ulimboka. Kila kitabu nimekipiga muhuri: "Zawadi ya Wijdan, mtoto wa Zuwena na Restituta." Wanafunzi wako watavuka barabara kuviazima, na watayasoma majina hayo kabla ya ukurasa wa kwanza. Nimefurahi sana, wala siombi radhi.

Umenitaka nije tuzeeke pamoja. Sirudi.

Kaka yako,
Saeed