Viwavi Waliozoea Dawa

Buxton, Mombasa, 1996

Mpendwa Baba Rukia,

Tangu arubaini yako ipite, wageni wamekatika. Rukia amerudi kwa mumewe Lamu. Jioni nasalimiana na kuta.

Unakumbuka ulipostaafu bandarini, ukalima kile kijishamba nyuma ya nyumba? Viwavi wa kijani wakatoboa kabeji mpaka majani yakawa kama chujio. Ukaleta ile dawa ya unga iliyotengenezwa kwa bakteria, ukaniambia, "Hii haimdhuru mtu, Mama Rukia. Kiwavi akiila, tumbo lake huharibika." Na kweli, baada ya siku chache walining'inia majanini, weusi. Ulifurahi, ukawa unapiga dawa kila wiki, hata pasipo na mdudu. Kabeji zetu zikasifiwa sokoni Marikiti.

Kisha dawa ikawa haiwapati. Ukaizidisha, wapi! Ukadhani umeuziwa iliyoharibika, ukagombana na muuzaji mbele ya watu pale Makadara. Mwishowe ulielewa mwenyewe, umechutama kati ya matuta. "Wale dhaifu nimewaua wote," ulisema. "Wachache waliohimili ndio waliobaki kuzaana, na watoto wao wamerithi."

Ukataka tung'oe kabeji zote, tupande mchicha, dawa ipumzike mpaka viwavi waisahau, wale dhaifu wazaane tena. Nikakwambia wateja watatukimbia.

"Na watukimbie," ukajibu.

Tuling'oa pamoja. Mimi nalia, wewe wanitania kwamba machozi yana chumvi, yatauunguza mchicha kabla haujaota.

Homa ikakuchukua kabla hujaona matokeo. Nimeula mchicha huo peke yangu, nikikuhesabia misimu ya dawa kupumzika. Msimu huu nikarudisha kabeji. Viwavi walipotokea, nikapiga dawa ileile, kipimo kilekile cha mwanzo.

Jana asubuhi nikafunua jani. Wamelegea! Nikafunua la pili, la tatu. Nikapiga ukelele, "Baba Rukia, njoo uone, wanakufa!"

Jirani akachungulia dirishani, akauliza kuna nini. Nikamwambia hakuna kitu. Nami nikabaki nimeukodolea macho mlango wa jikoni, nikingoja utoke.

Mola akulaze pema, bwana wangu. Ulisema kweli, na hakuna wa kunisikia nikikiri.

Mkeo,
Mama Rukia